Kibao chenye taa cha kuelekeza madereva na wageni: namna ya kukibuni hatua kwa hatua

Mtu anayeendesha gari usiku kwenda mahali asipopajua ana kazi nyingi kwa wakati mmoja. Anaangalia gari lililo mbele yake, waenda kwa miguu, mashimo, na kona asizozizoea. Kibao chako kinaingia katikati ya kazi hizo na kupewa sekunde chache tu. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba kibao kibuniwe kuanzia machoni pa dereva: kwanza mahali anapotakiwa kuamua, kisha umbali, kisha kimo cha herufi, kisha maneno, kisha sanduku. Taa ije mwishoni.

Wengi huanza na taa. Hununua utepe wa LED, hutengeneza sanduku zuri linalong'aa, halafu hutafuta namna ya kuyabana maneno ndani yake. Matokeo yake ni kibao kinachoonekana kutoka mbali lakini hakisomeki mpaka gari limeshakipita.

Vibao ninavyovizungumzia hapa ni vya muda, vinavyobebwa na mtu mmoja au wawili: vya mkutano, harusi, maonyesho, eneo la ujenzi, maegesho ya ziada, au jengo ambalo mlango wake wa kawaida umefungwa kwa siku chache.

1. Pita njia yote kabla ya kununua chochote

Pita kwa gari, ukitokea upande atakaotokea mgeni, na ikiwezekana saa ileile atakayofika. Kama wageni watatokea pande mbili, pita kutoka pande zote mbili. Chora ramani ya mkono na utie alama kila mahali ambapo dereva anaweza kushika njia isiyo yake: njia panda, mzunguko, geti lenye milango miwili, mahali barabara inapogawanyika. Hapo ndipo vibao vinapohitajika. Penginepo pote ni mapambo, isipokuwa mahali pamoja: baada ya kukata kona na kuendesha mita mia kadhaa gizani bila kuona kitu, dereva huanza kuamini kwamba amepotea, na wengine hugeuza gari hapohapo barabarani. Kibao kidogo chenye mshale wa kwenda mbele kinamtuliza.

Kona ya barabara yenye magari ya kasi inahitaji vibao viwili, kimoja cha kumwandaa dereva na kingine kwenye kona yenyewe. Mahali pa kile cha kwanza panahesabika. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linapita mita 13.9 kila sekunde. Wahandisi wa barabara kwa kawaida humkadiria dereva sekunde 2.5 za kutambua jambo na kuanza kuchukua hatua, nazo ni kama mita 35. Kupunguza mwendo kutoka 50 hadi 15 kwa breki ya taratibu, bila kumshtua anayefuata nyuma, kunakula kama mita 45 nyingine. Kwa hiyo dereva awe amekwisha kusoma akiwa bado na mita 80 kabla ya kona. Kumbuka hiyo "amekwisha kusoma", kwa maana usomaji unakoma kabla gari halijafika usawa wa kibao. Tutaona hilo hivi punde.

Katika hatua hii pia ndipo unapoomba ruhusa. Kando ya barabara ya umma si pako, na mamlaka ya barabara husika inaweza kuwa na masharti juu ya ukubwa, rangi, umbali kutoka lami, na siku ambazo kibao kinaruhusiwa kusimama. Uliza mapema, kwa sababu masharti hayo yanaweza kubadilisha muundo wote.

2. Pata kimo cha herufi kwa hesabu

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, kwa hiyo ipe muda.

Anza na kipimo kinachojulikana: mwongozo wa alama za barabarani wa Marekani unakadiria kwamba herufi yenye kimo cha inchi 1 inasomeka kutoka futi 30. Hiyo ni sehemu 1 kwa 360. Kwa vipimo vya mita, herufi ya milimita 100 inasomeka kutoka kama mita 36, na ya milimita 200 kutoka mita 72. Mwenye macho makali ataisoma kutoka mbali zaidi, lakini wewe humbunii yeye. Retina ya mtu wa miaka 60 inapokea karibu theluthi tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20, na mzee huyo ni mgeni wako pia.

Sasa tafuta umbali unaohitajika. Una sehemu mbili za kujumlisha.

Ya kwanza ni muda wa kusoma. Mimi huweka sekunde 3 kwa ujumbe wa neno moja au mawili na mshale. Ndani yake kuna kukiona kibao, kukisoma, na kurudisha macho barabarani. Kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde 3 ni mita 42.

Ya pili ni umbali unaopotea. Kadiri gari linavyokaribia, kibao kinasogea pembeni mwa macho ya dereva. Kikishavuka nyuzi 10 hivi kutoka mbele anakotazama, itambidi ageuze kichwa, na hatakiwi kugeuza kichwa. Kibao kikisimama mita 4 pembeni mwa mstari wa macho yake, nyuzi 10 zinafikiwa kikiwa bado mita 23 mbele. Mita hizo 23 za mwisho zihesabu kuwa hazipo.

42 na 23 ni 65. Gawanya kwa 360: unapata milimita 180. Hicho ndicho kimo cha herufi kubwa kwa barabara ya kilomita 50. Kwa mwendo mwingine, kibao kikiwa mita 4 pembeni vilevile:

- kilomita 30 kwa saa: mita 48, herufi ya milimita 135
- kilomita 40 kwa saa: mita 56, herufi ya milimita 155
- kilomita 60 kwa saa: mita 73, herufi ya milimita 205
- kilomita 80 kwa saa: mita 90, herufi ya milimita 250

Tumia mwendo ambao magari yanakwenda kweli, hata kama alama ya barabarani inasema pungufu ya hapo.

Sasa rudi kwenye kona yetu. Dereva anamaliza kusoma akiwa mita 23 kabla ya kibao, na anahitaji mita 80 kabla ya kona. Basi kibao cha kumwandaa kisimame kama mita 57 kabla ya kona, tuseme 60 ili kubaki na akiba. Ukiona nguzo au mti unakiziba mahali hapo, kisogeze nyuma zaidi. Usikisogeze mbele.

3. Chagua maneno, kisha yapunguze

Chukua sanduku la milimita 900 kwa 600, ambalo mtu mzima analibeba bila shida. Acha pambizo ya milimita 90 kila upande, unabaki na 720. Herufi kubwa ya milimita 180 pamoja na nafasi yake inakula kama milimita 145 za upana. Kwa hiyo mstari mmoja unabeba herufi kubwa tano. Neno MAEGESHO lina herufi nane, halitoshi. Hata ukiliandika kwa herufi ndogo baada ya ile ya kwanza, linafika kama milimita 940. Lakini "Wageni" kwa herufi ndogo linaingia, na herufi P (alama ya maegesho) yenye mshale inaingia na kubakiza nafasi.

Hesabu hiyo itakusaidia sana kwenye kikao ambapo kila mtu anataka kibao kibebe jina la shughuli, nembo ya mdhamini, tarehe na salamu za kuwakaribisha wageni. Vyote hivyo vina mahali pake, na mahali pake ni langoni, ambapo gari limesimama. Barabarani kibao kinabeba jina moja la mahali aendako mgeni na mshale mmoja. Na jina hilo liwe lilelile kutoka kibao cha kwanza hadi cha mwisho. Ukianza na "Mkutano", usibadilishe kuwa "Ukumbi" njiani, kwa sababu mgeni hajui kwamba ni kitu kimoja.

Kuhusu mwandiko, tumia fonti isiyo na vikia (vijistari vidogo kwenye ncha za herufi), yenye mistari ya unene wa kati, herufi ya kwanza kubwa na zinazofuata ndogo. Uingereza ilipofungua Preston Bypass mwaka 1958, barabara yake ya kwanza ya mwendo wa kasi, wabunifu Jock Kinneir na Margaret Calvert waliibunia vibao vya mtindo huo, na mtindo huo umebaki barabarani huko hadi leo. Herufi ndogo zina shingo na mikia: b inapanda juu, g inashuka chini, na neno zima linakuwa na umbo lake. Neno lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu linabaki kuwa mstatili.

Kwenye kibao chenye taa kuna jambo la ziada. Herufi inayong'aa juu ya giza huonekana nene kuliko ilivyo, kwa maana mwanga unamwagikia pembeni machoni. Tundu la "e" na la "a" huziba. Kwa hiyo chagua mistari myembamba kidogo kuliko ambayo ungetumia kwenye karatasi, na uongeze nafasi kati ya herufi na herufi kwa kama asilimia 10. Usitumie fonti nzito kabisa, hata kama inapendeza kwenye skrini ya kompyuta.

Mshale ni muhimu kuliko neno. Ufanye uwe na kimo kisichopungua kile cha herufi, kichwa kipana na mkia mfupi mnene. Mishale myembamba yenye madoido hupotea kabisa ikitazamwa kutoka mbali. Kwa kwenda mbele, mshale uelekee juu. Uweke upande uleule unakoelekeza: wa kulia ukae kulia mwa neno, wa kushoto ukae kushoto.

Na hapa kuna jambo linalosahaulika mno kwenye vibao vya pande mbili. Kama upande wa mbele mshale unaelekea kushoto, upande wa nyuma lazima uelekee kulia, maana anayetokea upande wa pili anatazama kinyume. Ukichapa nakala mbili za uso mmoja, nusu ya wageni wako watapelekwa kusiko. Njia nzuri ni kutengeneza mshale kama kipande cha peke yake kinachochomekwa kwenye mfereji na kugeuzwa papo hapo. Kibao kimoja kitatumika kona yoyote.

Alama za picha zinaokoa nafasi na zinamfaa mgeni asiyejua lugha. Huna haja ya kuzichora upya: Marekani, Wizara ya Uchukuzi ikishirikiana na chama cha wabunifu AIGA, ilitoa alama 34 mwaka 1974 na kuziongeza hadi 50 mwaka 1979. Choo, maelezo kwa wageni, huduma ya kwanza, teksi na basi zimo, nazo zinatumika bure. Ila yule mtu wa kijani anayekimbia mlangoni mwache. Ni alama ya kimataifa ya njia ya dharura, na isitumike kumwonyesha mgeni mlango wa kawaida wa kutokea.

4. Kata karatasi kabla ya kukata plastiki ya akriliki

Chapa uso wa kibao kwa ukubwa kamili, hata ikibidi kuunganisha karatasi za A4 kwa gundi. Ubandike ukutani, pima mita 65 kwa kamba au kwa hatua, urudi nyuma. Mwite mtu ambaye hajui kibao kinasema nini, mwonyeshe kwa sekunde 3, kisha kifunike. Akuambie alichosoma na upande aliotakiwa kwenda. Wewe mwenyewe huwezi kuwa shahidi, kwa sababu unaujua ujumbe.

Kama neno halisomeki, fupisha kabla ya kufikiria sanduku kubwa zaidi.

5. Rangi

Kinachosomeka ni tofauti ya mwanga kati ya herufi na usuli. Nyeupe juu ya nyeusi, nyeupe juu ya buluu iliyokolea, au nyeusi juu ya manjano, zote zinafaa. Nyekundu juu ya buluu, au manjano juu ya nyeupe, hazifai hata kwa taa yenye nguvu.

Mahali penye giza, napendelea usuli wa giza usiopitisha mwanga kabisa na herufi pekee zinazong'aa. Uso wote ukiwa mweupe unaowaka, unamtia dereva kiwi na herufi nyeusi zinaliwa na mwanga unaozizunguka. Usuli unaowaka una faida wakati wa magharibi, au mahali penye taa nyingi za jirani zinazoshindana na kibao chako, na hata hapo uufanye wa manjano.

Kijani na nyekundu za kung'aa usizitumie kando ya barabara, hasa karibu na makutano, kwa sababu kutoka mbali zinaweza kudhaniwa kuwa taa za kuongozea magari. Buluu inayomweka iachie polisi na magari ya dharura. Umbo la pembe nane na la pembetatu nayo yana kazi zake barabarani. Mstatili unatosha. Kama unatenganisha maeneo kwa rangi, tuseme maegesho ya buluu na ya manjano, kila rangi iambatane na herufi au namba, kwa kuwa wapo wageni wasiotofautisha rangi, na usiku rangi hubadilika kwa kila mtu.

Mwanga usimweke. Kibao kinachowaka na kuzima kinavuta macho na wakati huohuo kinapunguza nusu ya muda wa kukisoma.

Halafu swali ambalo kila kibao cha mwanga lazima kilijibu: betri ikiisha? Kata herufi na mshale kwa stika ya kuakisi mwanga inayoruhusu taa ya ndani kupita, au, kama hiyo haipatikani, zungushia mshale mpaka wa stika ya kawaida ya kuakisi. Taa za gari zitakisomesha kibao hata kikiwa kimezimika. Kwangu hili si la hiari.

6. Sanduku

Fremu ya alumini ni nyepesi na haishiki kutu. Plaiwudi iliyopakwa rangi ya mafuta inafaa kwa kazi chache. Uso wa mbele uwe akriliki nyeupe ya maziwa yenye unene wa milimita 3. Kama kibao kitasafiri sana garini au kitaangushwa, lipia plastiki ya polikaboneti, maana akriliki hupasuka na polikaboneti hupinda. Ndani paka nyeupe isiyong'aa, kila upande, ili mwanga usipotee.

Kosa la kawaida ni sanduku jembamba mno. Tepe za LED zikipangwa kwa mistari iliyoachana milimita 100, uso wa mbele uwe umbali kama huohuo kutoka kwenye taa. Ukiukaribisha, utaona michirizi ya mwanga na giza ikikatiza herufi. Ukitaka sanduku la milimita 50, sogeza mistari ya utepe iwe milimita 50 pia, na ukubali kutumia utepe mara mbili.

Akriliki hutanuka kwa joto: kipande cha milimita 900 kinaongezeka kama milimita 2.5 joto likipanda kwa nyuzi 40. Usikibane kwa skrubu za kukaza. Kiache kitembee ndani ya mfereji, au toboa matundu makubwa kuliko skrubu.

Juu na pembeni ziba kwa silikoni, na uchague ile isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, nayo hula shaba ya waya na kuharibu LED. Chini usizibe. Toboa matundu mawili ya milimita 6 kwenye pembe za chini, kwa sababu unyevu utaingia hata ufanyeje, na sanduku lililozibwa kabisa linaufungia ndani mpaka uso unatoa ukungu. Kwa kuwa kuna matundu, utepe wenyewe uwe wa kiwango cha IP65 (kinga dhidi ya vumbi na maji) au zaidi.

7. Umeme

Tumia betri ya volti 12. Ni salama kwa mtu anayeshika kibao kwa mikono iliyolowa, na hakuna waya unaovuka njia ya watu. Ikibidi utumie umeme wa ukutani, kigeuzi cha kushusha volti kikae ndani pakavu, na laini hiyo ilindwe na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30.

Mfano wa sanduku letu: mistari sita ya utepe wa LED wa wati 4.8 kwa mita, jumla ya mita 5. Hizo ni wati 24, yaani ampia 2. Fyuzi ya ampia 3 ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Ikiwekwa mbali, kipande cha waya kilicho kabla yake hakina ulinzi wowote. Usiunganishe mistari yote kama utepe mmoja mrefu, maana mwisho wake utafifia. Ilishe kwa mafungu mawili au matatu yanayoanzia mahali pamoja.

Wati 24 ni nyingi mno kwa usiku wa giza. Weka kipunguza mwanga, na chagua kinachokata mkondo mara 1,000 au zaidi kwa sekunde. Vile vya bei ya chini hukata polepole, na jicho linalotembea huona herufi zikiachana vipande vipande.

Sasa betri. Tuseme kibao kinawaka kwa muda wa saa moja wakati wa magharibi kwa nguvu zote, kisha kwa muda wa saa saba kwa asilimia 30:

24 × 1 = 24, na 7.2 × 7 = 50. Jumla wati-saa 74. Ongeza robo ya akiba, unapata 93.

Betri ya risasi na asidi usiitumie zaidi ya nusu yake, la sivyo inakufa mapema. Ya volti 12 na ampia-saa 12 ina wati-saa 144, nusu yake ni 72, haitoshi. Ya ampia-saa 18 inatoa 108, inatosha, na uzito wake ni kama kilo 5 na nusu. Betri ya lithiamu aina ya fosfeti ya chuma, ya volti 12.8 na ampia-saa 12, ina wati-saa 154. Ukitumia asilimia 80 unapata 123, kwa uzito wa kama kilo 1 na nusu. Ni ghali zaidi lakini huchajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Yoyote utakayochagua, ikae chini kabisa, miguuni mwa stendi, ili uzito wake usaidie kusimamisha kibao.

Rangi ya mwanga iwe nyeupe ya kati, kelvini 4,000 hadi 5,000. Ile ya buluubuluu ya kelvini 6,500 inachosha macho usiku.

8. Miguu na upepo

Jicho la dereva wa gari dogo liko kama mita 1.1 kutoka chini. Kibao kikianzia sentimita 90 na kuishia mita 1.5, kiko usawa wake. Kama magari yataegeshwa kando ya barabara, kipandishe juu ya paa zao.

Upepo ndio adui ambaye watu humdharau mpaka aangushe kitu. Sanduku letu lina eneo la mita za mraba 0.54. Upepo wa mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa, unalisukuma kwa nguvu ya kama nyutoni 89, kama vile umeliegemezea mzigo wa kilo 9 kwa ubavu. Nguvu hiyo inafanya kazi katikati ya sanduku, mita 1.2 juu ya ardhi. Ikiwa miguu inatokeza sentimita 40 mbele na nyuma, uzito wote wa kibao, betri na mizigo ya miguuni lazima uzidi kilo 27 ili kisipinduke. Kwa upepo wa mita 10 kwa sekunde, kilo 13 zinatosha. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne, basi angalia utabiri wa hali ya hewa, na uwe tayari kukilaza kibao chini.

Uzito wa miguuni uwe mifuko ya mchanga. Usiweke mawe wala matofali: gari likigonga, yanageuka kuwa makombora. Mifuko ikae juu ya miguu yenyewe, chini kabisa, na ncha za miguu zibandikwe stika ya kuakisi ili mtu asijikwae.

9. Vibao vya watembea kwa miguu

Akishashuka garini, mgeni anakwenda kama mita 1.4 kwa sekunde na anaweza kusimama. Hapa una uhuru wa mistari mitatu hadi minne, majina ya kumbi, hata ramani ndogo. Herufi ya milimita 40 inasomeka kutoka mita 14, inatosha kwa uani na korido pana. Katikati ya kibao kiwe usawa wa macho, kama mita 1.5. Punguza mwanga hadi usiumize, kwa maana mtu atakisogelea hadi hatua mbili.

Kibao kimoja kinachosahaulika ni cha kurudi. Mtu aliyeegesha mchana anatoka usiku, na kila kitu kimebadilika sura. Weka kinachoelekeza maegesho kwenye kila mlango wa kutokea.

10. Jaribio la usiku, kisha kusimamisha

Simamisha kibao mahali pake halisi, usiku, ukipite kwa gari mwendo wa kawaida na taa za chini. Ukipata usiku wa mvua, bora zaidi, maana kioo chenye maji hutawanya mwanga na kuonyesha kama umewasha kupita kiasi. Anza na mwanga mdogo, upandishe mpaka neno lisomeke kutoka umbali uliouhesabu, usimame hapo. Usihukumu kwa picha ya simu. Kamera huunguza mwanga mkali na kuonyesha herufi zilizoyeyuka hata kama macho yanaziona vizuri.

Siku yenyewe, simamisha vibao ukianzia kwenye lango na kurudi nyuma kuelekea barabara kuu. Ukianzia barabara kuu, mgeni wa mapema ataingia kwenye njia ambayo bado haijakamilika. Wakati wa kuondoa, anza na cha barabara kuu. Kila ukisimamisha kimoja, hakikisha hakizibi alama ya barabarani iliyopo na hakimfungii dereva anayetoka njia ya pembeni asione magari yanayokuja. Kaa kwenye kiti cha dereva hapo na utazame, usikadirie kwa kusimama. Mpe mtu mmoja kazi ya kuvizungukia kila saa moja, akiwa na betri ya akiba, fyuzi mbili tatu, na kitambaa cha kufuta vumbi.

Baada ya shughuli viondoe vyote usiku uleule. Chaji betri ya risasi hadi ijae kabla ya kuihifadhi, na irudie kila baada ya miezi michache. Ya lithiamu ihifadhi ikiwa na nusu ya chaji, mahali pakavu pasipo na joto kali. Nyuso za akriliki zifute kwa maji na sabuni laini, kamwe si kwa spiriti, na uzitenganishe kwa kitambaa ili zisikwaruzane.